Sura ya Tano: Upinde Uliomo Jichoni

Katika utenzi wa Iliadi, Zeus anapokuwa na neno la kupeleka duniani, mjumbe wake mara nyingi ni mwanamke aitwaye Iris. Hushuka kutoka mlimani kwa miungu hadi uwanja wa vita wa Troy, hufikisha alichotumwa, kisha huondoka. Hesiod, mshairi wa Ugiriki aliyepanga nasaba za miungu miaka kama 2,700 iliyopita, anamtaja kuwa binti wa Thaumas na anampa kazi nyingine nzito. Miungu wanapogombana na mmoja wao akatakiwa kuapa, Iris ndiye anayetumwa mbali kuchota maji ya mto Styx kwa mtungi wa dhahabu, maana bila maji hayo kiapo hakishiki.

Wagiriki waliuita upinde wa mvua kwa jina hilohilo. Ulipotokea angani baada ya manyunyu, huyo alikuwa Iris, na ni vigumu kusema mungu aliishia wapi na upinde ulianzia wapi. Plato alipendezwa na ukoo huo, kwa kuwa jina la baba, Thaumas, linakaribiana na neno lao la mshangao. Katika mazungumzo ya Theaetetus anamfanya Socrates aseme kwamba falsafa huanzia kwenye mshangao, na kwamba aliyemwita Iris mtoto wa Thaumas hakukosea nasaba. Lakini kabla ya Plato kuzaliwa, Xenophanes wa Kolofoni alikwisha kuwaambia watu wa zama zake kwamba huyo wanayemwita Iris ni wingu tu, wingu lenye zambarau, wekundu na umanjano wa kijani. Namheshimu sana Xenophanes kwa kauli hiyo. Hakuudharau uzuri wa upinde. Alikataa tu kuridhika na jina, akataka kujua kitu chenyewe ni nini.

Jina hata hivyo lilisafiri. Lilipewa ua lenye rangi nyingi. Lilitumiwa katika Kitabu cha Ufunuo kilipoandikwa kwa Kigiriki, pale upinde wa mvua unapokizunguka kiti cha enzi. Mwaka 1803 mkemia wa Uingereza, Smithson Tennant, alipata metali mpya ambayo chumvi zake zilitoa rangi za kila namna, akaiita iridiamu. Na karne nyingi kabla ya Tennant lilikwisha kuingia ndani ya jicho la binadamu, ila halikuingilia pale tunapolikuta leo.

Kabla ya kuendelea tukubaliane maneno. Katika mazungumzo ya kila siku mboni huweza kuwa tundu jeusi la katikati ya jicho, na huweza pia kuwa duara la rangi linalolizunguka tundu hilo. Hapa mboni ni tundu peke yake. Duara la rangi ni irisi.

Galen alizaliwa mwaka 129 katika mji wa Pergamo, ambao leo ni Bergama nchini Uturuki. Alianza kazi akiwatibu watumwa waliopiganishwa kwa mapanga viwanjani, akaishia kuwa daktari wa makaisari wa Roma. Kupasua maiti za watu hakukuruhusiwa, kwa hiyo macho aliyoyachunguza yalikuwa ya ng'ombe, nguruwe, mbuzi na nyani. Katika kitabu cha kumi cha kazi yake kubwa juu ya manufaa ya viungo vya mwili, anaeleza jinsi tabaka za jicho zinavyokutana kwenye ukingo, pale weupe unapokoma. Anasema ukitazama kwa makini utaona duara saba zilizolaliana, kila moja na unene wake na rangi yake, kiasi kwamba hata usipotaka utajikuta unapaita mahali hapo iris. Wengine, anaongeza, walipaita taji.

Irisi ya Galen, basi, ilikuwa mpaka, pete ya mahali tabaka zinapoungana. Lile duara la rangi tunaloliona tunapomtazama mtu usoni lilihesabiwa kuwa sehemu ya tabaka jingine, na tabaka hilo lilipata jina shambani. Chukua zabibu nyeusi, ng'oa kikonyo chake, kamua nyama yote ya ndani ubaki na ganda. Ganda hilo jeusi lenye tundu moja ndilo walilolifananisha na tabaka la katikati la jicho. Ukilipasua jicho la ng'ombe na kulitazama kwa nyuma utakubali kwamba waliona sawasawa.

Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo wa Baghdad aliyefariki mwaka 873, alizihamisha kazi za Galen kutoka Kigiriki hadi Kisiryani na Kiarabu, na akaandika makala kumi juu ya jicho ambazo zilikuja kuchapishwa Cairo mwaka 1928. Kwa Waarabu tabaka la zabibu likawa al-inabiyya. Waliotafsiri kutoka Kiarabu kwenda Kilatini nao wakasema uvea, wakiwa na zabibu yao wenyewe akilini. Kwa zaidi ya miaka elfu moja, kuanzia Iskandaria hadi Baghdad, na baadaye katika vyuo vya Italia, mwanafunzi wa tiba aliyeulizwa habari za duara la rangi angejibu kwa zabibu.

Upinde ulihama polepole. Kufikia karne ya 18, katika vitabu vya anatomia vya Ulaya, jina la irisi lilikuwa limekwisha kuondoka mpakani na kutulia juu ya duara la rangi lenyewe. Jacques-Bénigne Winslow, mzaliwa wa Denmark aliyefundisha Paris, ni miongoni mwa waliolithibitisha hapo. Zabibu haikufukuzwa. Madaktari wa macho bado huita uvea lile tabaka zima, na irisi ni kipande chake cha mbele. Waarabu wa leo nao wameuchukua upinde: irisi kwao ni al-quzahiyya, kutoka kwa qaws quzah, upinde wa mvua.

Mboni ilipata jina kwa njia ya upole zaidi. Ukimkaribia mtu na kumtazama machoni unaona kisura chako kidogo kimesimama mbele ya weusi. Wagiriki waliiita kore, msichana, na Warumi pupilla, kibinti au mwanasesere, na Waarabu wakasema insan al-ayn, mtu wa jicho. Kisura hicho hakipo ndani ya mboni. Huakisiwa na konea, kile kioo kilicho mbele ya jicho, nao weusi ulio nyuma yake hukifanya kionekane vizuri.

Tuulize sasa swali la Xenophanes: kitu chenyewe ni nini?

Irisi ni utando wa duara wenye upana wa milimita 12 hivi na unene wa kama nusu milimita, uliotobolewa katikati. Umezungukwa na majimaji, konea ikiwa mbele yake na lenzi nyuma. Sehemu yake ya mbele ni mtandao wa nyuzi laini, mishipa midogo ya damu na seli za rangi, wenye vishimo, mikunjo na mistari inayoelekea kwenye mboni. Nyuma ya mtandao huo zimepangwa seli zilizojaa weusi, na weusi huo anao mwenye macho ya kahawia na anao pia mwenye macho ya buluu. Irisi ni pazia. Kazi yake ya kwanza ni kuuzuia mwanga usiingie ndani ya jicho kwa njia yoyote isipokuwa kupitia mboni.

Pazia hili lina misuli miwili. Mmoja umeizunguka mboni, nao ukijikaza mboni hufinyika. Wa pili umetandazwa kutoka karibu na mboni hadi ukingoni, nao ukijikaza mboni hupanuka. Misuli mingi ya mwili hutoka kwenye tabaka la katikati la kijusi, lakini hii ya irisi ina asili tofauti: hutokana na kikombe kidogo kinachochomoza kutoka kwenye ubongo unaojengeka, kikombe kilekile kinachozaa retina. Kwenye jua la utosi mboni hufinyika hadi kipenyo cha milimita 2, na gizani mboni ya kijana huweza kufikia 8. Kipenyo kikiongezeka mara 4, eneo la kupitisha mwanga huongezeka mara 16. Hiyo bado ni ndogo ukilinganisha mchana na usiku wa nyota, ambao tofauti yake ya mwanga ni mara mamilioni. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na retina, na retina huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza. Irisi hujibu kabla sekunde moja haijaisha.

Mmulike mtu tochi kwenye jicho moja, mboni zote mbili zitafinyika, kwa sababu amri hutoka kwenye shina la ubongo na kupelekwa pande zote mbili. Ndiyo maana majeruhi wa ajali ya bodaboda akifikishwa chumba cha dharura, muuguzi au daktari humfunua kope na kummulika. Mboni moja iliyopanuka na kukataa kuuitikia mwanga huweza kumaanisha kwamba damu au uvimbe ndani ya fuvu unaukandamiza mshipa wa fahamu unaoihudumia. Katika hali hiyo hakuna muda wa kusubiri.

Misuli hii huitikia pia sumu za mimea. Mnanaha, mmea unaoota kando ya barabara na majalalani kote Afrika Mashariki, una atropini. Anayeushika kisha akafikicha jicho anaweza kujikuta ana mboni moja kubwa na nyingine ya kawaida. Jamaa yake wa Ulaya anaitwa beladona, yaani mwanamke mrembo kwa Kiitaliano, kwa kuwa walikuwapo wanawake waliodondosha maji yake machoni ili mboni zipanuke na macho yavutie. Gharama yake ilikuwa kuumizwa na mwanga na kutoona vya karibu. Wagonjwa wa kliniki za macho wanaijua hali hiyo vizuri: daktari anapotaka kuona retina hukutilia matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa baadaye huwezi kusoma hata ujumbe wa simu.

Kinyume chake kilitoka Afrika Magharibi. Huko Calabar, kusini-mashariki mwa nchi ambayo leo ni Nigeria, mbegu iitwayo esere ilitumiwa kumpima mtuhumiwa. Alinyweshwa sumu yake. Akitapika na kupona alihesabiwa hana hatia, akifa hatia imethibitika. Mbegu hizo zilifika Edinburgh katika karne ya 19. Thomas Fraser, aliyekuwa akizichunguza, aligundua kwamba zinaifinya mboni, na mwaka 1863 daktari wa macho Douglas Argyll Robertson alizijaribu kwenye jicho lake mwenyewe, mboni ikajifinya. Dawa iliyotolewa kwenye mbegu hizo ikawa miongoni mwa dawa za mwanzo za glakoma, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita presha ya macho. Kila ninapokutana na historia ya tiba inayoanza na kuishia Ulaya hukumbuka esere. Elimu ya nguvu ya mbegu ile walikuwa nayo watu wa Calabar kabla ya maabara ya Edinburgh kuisikia, hata kama matumizi yake kwao yalikuwa ya kutisha.

Turudi kwenye ule mtandao wa mbele, wenye vishimo na mistari. Hujengeka mtoto akiwa tumboni, na namna unavyojipanga haifuati jeni peke yake. Pacha wa yai moja wana irisi zenye michoro tofauti. Zaidi ya hapo, irisi yako ya kulia haifanani na ya kushoto. Madaktari wawili wa macho wa Marekani, Leonard Flom na Aran Safir, walipata hataza mwaka 1987 kwa wazo la kumtambua mtu kwa irisi, na John Daugman wa Chuo Kikuu cha Cambridge akabuni hesabu zilizoliwezesha, ambazo nazo zilipewa hataza mwaka 1994. Hesabu hizo huugeuza mchoro wa irisi kuwa mfuatano wa tarakimu 2,048 za sifuri na moja.

Mwaka 1984, katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh nchini Pakistan, mpigapicha Steve McCurry alimpiga picha msichana wa Afghanistan. Picha hiyo ilitoka kwenye jalada la National Geographic la Juni 1985, na dunia ikayakumbuka macho yake kwa sababu ya rangi yake ya kijani. Alipotafutwa tena na kupatikana mwaka 2002, akiwa mama wa watoto, Daugman aliombwa kuthibitisha kama ni yeye. Alilinganisha irisi za picha ya zamani na za picha mpya akapata jibu lisilo na shaka. Ile rangi ambayo kila mtu aliikumbuka haikuwa na kazi katika hesabu zake, maana hesabu zilisoma vishimo na mistari tu.

Mashine za aina hii kwa kawaida hutumia mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Sababu yake inatuhusu sisi. Chini ya mwanga wa kawaida, irisi ya kahawia iliyoiva huonekana kama duara tupu, kwa sababu melanini huufunika mchoro. Infraredi hupenya melanini, na ghafla jicho lililodhaniwa halina kitu hufunua mabonde na mistari kama jicho lolote la Ulaya. Ningependa kila mtoto aliyewahi kuambiwa kwamba macho yake ni meusi tu aionyeshwe picha kama hiyo ya jicho lake.

Ila nani aipige na aiweke wapi, hilo ni jambo jingine. Julai 2023 watu walipanga foleni ndefu jijini Nairobi, nyingine nje ya jumba la KICC, ili irisi zao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, wakipewa kwa malipo sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Mwanzoni mwa Agosti serikali iliusimamisha mradi. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba sheria ya kulinda data haikufuatwa, ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Naliona amri hiyo kuwa ya haki. Namba ya siri ya simu ikiibwa unaibadilisha jioni ileile, lakini irisi utazikwa nayo, na mtu mwenye njaa akipewa shilingi 7,000 huwezi kusema ameridhia kwa hiari kamili.

Sasa rangi, ambayo ndiyo iliyoleta jina.

Mwanzoni mwa karne ya 14 huko Uajemi, Kamal al-Din al-Farisi alikuwa akikifanyia ufafanuzi Kitab al-Manazir, kitabu kikubwa juu ya mwanga na kuona kilichoandikwa na Ibn al-Haytham karne tatu kabla yake. Ili kuuelewa upinde wa mvua alijaza maji kwenye tufe la kioo, akalifanya liwe tone moja kubwa la mvua, akaufuatilia mwanga ndani yake. Aliona kwamba miale hupinda inapoingia, huakisiwa kwa ndani, hupinda tena inapotoka, na rangi huzaliwa katika safari hiyo. Wakati uleule Theodoric wa Freiberg, huko Ujerumani, alifikia jibu hilohilo bila ya wawili hao kujuana. Swali la Xenophanes lilikuwa limejibiwa. Katika upinde hakuna kilichopakwa rangi. Kuna maji na mwanga.

Macho ya buluu nayo hayana rangi ya buluu ndani yake. Ukiisaga irisi ya buluu hutapata hata chembe moja ya buluu. Mtandao wa mbele wa irisi hiyo una melanini kidogo mno. Mwanga ukiingia humo, miale mifupi, ambayo ndiyo ya buluu, hutawanywa na nyuzi laini na kurudishwa nje, na mingine humezwa na weusi ulio nyuma. Macho ya kijani yana mtawanyo huohuo ukichanganyika na melanini kidogo. Macho ya kahawia, ambayo ndiyo ya watu wengi duniani, yana melanini ya kutosha kuumeza mwanga. Idadi ya seli zinazotengeneza melanini hukaribia kuwa sawa kwa watu wote. Kinachotofautiana ni kiasi cha melanini zinachokitoa. Upinde wa angani na buluu ya jicho huundwa kwa njia mbili tofauti, lakini zote mbili ni kazi ya mwanga, na Wagiriki waliolitoa jina hawakuwa na namna ya kulijua hilo.

Kiasi hicho cha melanini huamuliwa na jeni nyingi. Mwaka 1907 Charles na Gertrude Davenport wa Marekani walichapisha maelezo mepesi: kahawia huishinda buluu, kwa hiyo wazazi wawili wenye macho ya buluu hawawezi kumzaa mtoto wa macho ya kahawia. Maelezo hayo yaliingia katika vitabu vya shule, na nina hakika yamewatia watu wasio na hatia katika shutuma ndani ya nyumba zao. Si sahihi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliowahusisha watu karibu 195,000, uliongeza makumi ya jeni mpya kwenye orodha ya zinazohusika. Rangi ya macho ya mtoto haithibitishi wala haikanushi ni nani baba yake.

Kati ya jeni hizo, mbili zina uzito kuliko nyingine, nazo zimekaa jirani kwenye kromosomu ya 15: OCA2 na HERC2. Mwaka 2008 Hans Eiberg na wenzake wa Copenhagen walionyesha kwamba badiliko dogo ndani ya HERC2 huizimisha kiasi OCA2, na jicho likakosa melanini ya kutosha kuwa la kahawia. Badiliko hilo ni la kale, na wala halikufungamana na ngozi nyeupe. Mifupa ya mwindaji aliyeishi miaka kama 7,000 iliyopita, iliyopatikana La Braña nchini Hispania, ilitoa jeni za macho ya buluu pamoja na jeni za ngozi nyeusi.

OCA2 ni jeni yenye historia Tanzania pia. Ikiharibika kabisa kwenye nakala zote mbili alizorithi mtoto, ya baba na ya mama, matokeo yake ni ualbino wa aina ya pili, aina inayopatikana zaidi Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 1995 uchunguzi wa watu wenye ualbino wa Tanzania ulikuta kwamba wengi wao wana pengo lilelile ndani ya jeni hiyo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni mtu 1 kwa kila watu 1,400. Ulaya ni mtu 1 kwa kila watu wapatao 17,000 au zaidi. Jeni inayosifiwa katika nyimbo za mapenzi za kaskazini inapotulizwa kidogo ni ileile ambayo, ikinyamaza kabisa, watu wetu wamenyanyapaliwa, wamekatwa viungo na kuuawa kwa ajili yake. Siandiki hilo kwa wepesi. Ni msiba uliotokea katika vijiji tunavyovifahamu.

Husemwa kwamba mtu mwenye ualbino ana macho mekundu. Wengi hapa kwetu hawana. Macho yao huwa ya kijivu, ya buluu iliyofifia, ya asali au ya kahawia nyepesi. Wekundu huweza kuonekana mwanga unapopenya irisi, ukagonga mishipa ya damu nyuma na kurudi. Kwao ule weusi wa nyuma ya irisi, ambao hata mwenye macho ya buluu anao, ni haba au haupo. Daktari akiweka mwanga mwembamba kwenye mboni, irisi nzima hung'aa. Pazia halizuii. Adhuhuri ya Shinyanga au Mwanza humwingilia mtu huyo jichoni kupitia mboni na kupitia irisi yenyewe, ndiyo maana hukunja uso na kuinamisha kichwa. Wapo wanaodhani ana kiburi au haya, kumbe anaumia.

Melanini huhitajika pia retina inapojengeka tumboni. Ikikosekana, kile kidoa cha katikati cha retina kinachosoma maandishi madogo hakikomai, na nyuzi za neva za macho huvuka kwa wingi usio wa kawaida kuelekea upande wa pili wa ubongo. Macho huchezacheza bila mwenyewe kutaka. Miwani hurekebisha sehemu tu ya tatizo hilo. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengenezwa mafuta ya kuikinga ngozi, na habari za ngozi zimewafikia wazazi wengi kwa sababu saratani inaua. Habari za macho zinachelewa, na mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa haoni ubao, anapewa dawati la nyuma, na kabla ya mwaka kwisha anahesabiwa mzito wa kuelewa.

Yanayomfaa si ghali. Kofia ya pama, na ruhusa ya kuivaa hata darasani. Miwani yenye vioo vya kupunguza mwanga, aliyopimiwa na mtaalamu. Dawati la mbele kabisa ambalo halitazamani na dirisha wala mlango, kwa kuwa mwanga wa ubavuni humsumbua kama ule wa mbele. Uhuru wa kukileta kitabu karibu na pua bila kuchekwa wala kukemewa, maana umbali huo ndio anaoona vizuri na haumdhuru. Chaki nyeupe kwenye ubao ulio mweusi kweli, herufi kubwa, na mwalimu anayeyasoma kwa sauti anayoyaandika. Wakati wa mtihani, karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa na muda wa ziada. Kwa vitu vilivyo mbali, darubini ndogo ya jicho moja inayoshikwa mkononi humwezesha kusoma kutoka kwenye dawati lake kile alichokuwa akinakili kutoka daftari la jirani.